Jinsi ya kupanga matumizi ya nyumbani familia inapokuwa kwenye misukosuko

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu ambao kipato chao kimepungua wakati uleule ambao nyumba yao imeingia kwenye matatizo: mmoja amepoteza kazi, mzazi amelazwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ndugu wamehamia baada ya msiba, au mume na mke hawasemezani. Ushauri mwingi wa kubana matumizi hudhani kwamba mhusika ametulia, analala vizuri na ana mwenzi anayekubaliana naye. Familia nyingi za Busia, Arua, Kasese na Kampala nchini Uganda haziko katika hali hiyo, na ndiyo maana bajeti iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri Januari huwa imesahaulika shule zinapofunguliwa Februari.

Ninachosisitiza ni kwamba katika nyumba yenye mvutano, kazi ya kwanza ya bajeti ni kupunguza maamuzi ya fedha yanayofanywa kila siku. Uamuzi unaofanywa saa moja jioni, watoto wakiwa na njaa na mtu mzima akiwa na hasira, huwa ghali kuliko uamuzi uleule uliofanywa mchana wa Jumapili watu wakiwa wameshiba. Mama anayenunua sukari robo kilo, kipande cha sabuni na kopo la makaa kila siku si mfujaji. Amelazimika kuamua mara nyingi mno ndani ya siku moja, na kila anapoamua analipa bei ya rejareja, na mara nyingi anagombana na mtu pia. Hatua zote zinazofuata zinalenga kumwondolea mtu huyo mzigo wa kuamua upya kila siku.

Kuandika kabla ya kubana

Kwa wiki mbili za mwanzo msibadili chochote, bali andikeni tu. Daftari la kawaida la mwanafunzi linatosha. Kila usiku ziandikwe tarehe, kitu kilichonunuliwa na kiasi kilicholipwa, na ziingizwe hata fedha ambazo watu hawazihesabu kuwa matumizi, kama nauli ya boda boda, vocha ya simu, ada ya kutoa fedha kwa wakala, soda ya mgeni, sadaka, bia na mkeka wa kubashiri mpira. Kama ninyi ni wawili na hamuelewani, kila mmoja aandike lake na asikague la mwenzake hadi siku ya kikao. Daftari likigeuzwa kuwa ushahidi wa mashtaka, mtu ataanza kuficha, na mkiishaanza kufichana hakuna hesabu itakayosimama.

Wiki mbili zikipita, yagaweni matumizi katika mafungu manne tu: yanayotulisha, yanayotuhifadhi (kodi, maji, taa na makaa), yanayotudai (karo na madeni), na mengineyo. Mafungu kumi na mawili ya kitaalamu yanafaa ofisini. Katika chumba kimoja cha kupanga (muzigo), ambamo watu sita wanalala na mmoja wao ni mgonjwa, mafungu manne yanatosha.

Kikao cha nyumba

Saa ya kuzungumzia fedha ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Msizungumze usiku wa manane, msizungumze mwenye nyumba akiwa mlangoni, na msizungumze siku mshahara unapoingia, kwa kuwa siku hiyo kila mtu ameshautumia moyoni. Chagueni siku moja ya wiki, baada ya chakula, na muda usiozidi nusu saa. Ombi la kikao nalo litolewe mapema na kwa heshima: "Baba watoto, naomba kesho baada ya chakula cha mchana tukae kidogo tuangalie daftari. Sitaki kulaumu, nataka tujue mahindi yatatufikisha wapi." Maneno ya namna hiyo humpa mwenzako usiku mzima wa kujiandaa, na yanataja mahindi badala ya kutaja tabia yake.

Ndani ya kikao fuateni utaratibu mmoja. Kwanza isomwe wiki iliyopita kama ilivyo, bila maelezo. Kisha litajwe jambo moja lililokwenda vizuri, hata likiwa dogo. Mwisho yaamuliwe mambo yasiyozidi matatu ya wiki inayofuata, nayo yaandikwe. Jambo likizua ugomvi, liwekeni pembeni hadi kikao kijacho, isipokuwa kama ni la afya au la kodi. Mimi naona ni afadhali kuchelewa wiki moja kuamua kuhusu televisheni kuliko kukiua kikao chenyewe, kwa sababu kikao kinachojirudia kina thamani kuliko uamuzi wowote mmoja mliofikia ndani yake.

Watoto wa darasa la tano kwenda juu waambiwe ukweli kwa kipimo chao: kwamba mwaka huu fedha ni chache, kwamba chakula kipo, na kwamba vitu fulani vitasubiri. Mtoto asiyeambiwa kitu husikia nusu ya maneno ukutani na kuijaza nusu ya pili kwa hofu, na mara nyingi huamini kwamba yeye ndiye chanzo cha ugomvi. Asipewe siri za madeni, na asitumwe kwa mzazi mwingine kupeleka maneno ya kuomba fedha.

Kupanga kwa kipimo cha wiki mbaya

Familia nyingi hazina mshahara wa mwezi. Kuna kibarua cha ujenzi, biashara ya nyanya, boda boda, au fedha zinazotumwa na binti aliyekwenda kyeyo, yaani kufanya kazi ughaibuni, huko Uarabuni. Kipato cha namna hiyo hakipangwi kwa wastani, kwa sababu wastani unaficha wiki ambazo hakuna kitu. Tazameni wiki dhaifu kuliko zote katika miezi mitatu iliyopita, halafu pangeni maisha ya kawaida yaingie ndani ya kiasi hicho.

Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita ambayo wiki yake mbaya huleta shilingi 120,000 na wiki yake nzuri huleta 200,000. Wiki mbaya inaweza kugawanywa hivi: chakula 60,000, makaa, maji na sabuni 20,000, kodi ya chumba 20,000, shule 10,000, kikundi cha akiba 5,000, na dharura 5,000. Wiki nzuri inapokuja, zile 80,000 za ziada ziwe zimepangiwa kazi kabla hazijafika: 40,000 ziende kwenye karo, 20,000 kwenye deni, na 20,000 kununua nafaka ya akiba. Bei za soko lenu zitabadilisha tarakimu hizi, na kama wiki mbaya haitoshi hata chakula, basi mafungu ya kikundi na shule yasubiri wiki nzuri. Msichobadilisha ni kanuni kwamba ziada ijue mahali inapokwenda kabla haijaingia mkononi, kwa kuwa fedha isiyopangiwa kazi ndiyo inayogombaniwa.

Kodi ya mwezi ikiwekwa kwa wiki, wiki nne zinaimaliza, na kwa kuwa mwaka una wiki 52, zinabaki wiki nne ambazo fungu la kodi halidaiwi na mtu. Fedha za wiki hizo ziende kwenye dharura, nazo zisichanganywe na za kula.

Bahasha za karatasi, makopo yenye majina, au mifuko midogo iliyoshonwa, vyote vinafaa kutenganisha fedha. Anayeona fedha taslimu haikai nyumbani anaweza kuiacha kwenye simu, lakini ajue gharama yake. Tangu mwaka 2018 utoaji wa fedha za simu nchini Uganda hutozwa kodi ya asilimia 0.5, yaani shilingi 500 kwa kila 100,000, juu ya ada ya mtandao wenyewe, na ada hiyo hupangwa kwa viwango vinavyowaumiza zaidi wanaotoa kidogo kidogo. Toeni mara moja kwa wiki, siku ya kikao, badala ya kutoa kila jioni. Malipo yanayoweza kulipwa moja kwa moja kwa simu, kama Yaka (umeme wa kulipia kabla) na karo, yalipwe humo humo bila kuigeuza fedha kuwa taslimu.

Jikoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jikoni ndiko nusu ya fedha ya nyumba inakopita, na ndiko mpangilio mzuri unakoleta nafuu ya haraka bila mtu kulala njaa.

Anzeni na makaa. Nunueni gunia moja, yahesabuni makopo yanayotoka humo, kisha ilinganisheni bei ya gunia na bei ya makopo hayo yakinunuliwa mojamoja. Tofauti itawashangaza, na itakuwa hesabu yenu wenyewe, ya mtaa wenu. Kama gunia ni fedha nyingi kwa mara moja, jirani wawili au watatu walichange na kugawana kwa kopo. Makaa hayatarajiwi kushuka bei sana: mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi ili kuokoa misitu, na kila kizuizi cha namna hiyo huonekana mwishoni kwenye kopo la mnunuzi wa mjini.

Kisha upangwe moto. Sigiri, yaani jiko la makaa, iwashwe mara moja na ifanye kazi mfululizo: maharagwe kwanza, posho (ugali) baadaye, na makaa yanayofifia yachemshe maji ya chai ya asubuhi, ambayo yatawekwa kwenye chupa ya chai. Makaa yanayobaki mazima yafunikwe ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko ili yakose hewa na kuzimika, na kesho yataongezwa kwenye moto mpya. Sigiri yenye moto isiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata siku ya mvua na baridi, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu na huua watu usingizini.

Maharagwe ndiyo yanayokula makaa kuliko chakula kingine cha kila siku. Yachagueni jioni, myaoshe na kuyaloweka usiku kucha katika maji mengi, na asubuhi mtaona yamevimba na ngozi zimelegea. Mwageni maji hayo, wekeni mapya, na myaache yachemke kwa nguvu angalau nusu saa. Mchemko huo mkali usirukwe, kwa kuwa maharagwe mekundu yaliyopashwa tu bila kuchemka barabara huleta maumivu ya tumbo na kutapika. Baada ya hapo sufuria, ikiwa bado inatokota na mfuniko umebana, inaweza kuondolewa motoni na kufukiwa ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya migomba na kufunikwa blanketi zito. Joto lililomo litaendelea kuyapika kwa saa tatu au nne bila kipande kimoja cha makaa. Ukifunua na kukuta punje bado ngumu kidogo katikati, dakika chache za moto zitamaliza kazi. Maharagwe mapya ya msimu huiva haraka zaidi ya yaliyokaa ghalani mwaka mzima, kwa hiyo bei ndogo ya maharagwe makuukuu inaweza kulipwa tena kwa makaa.

Pikeni ya siku mbili kwa pamoja. Sehemu ya pili itengwe kabla ya kutiwa kitunguu na chumvi, ichemshwe upya asubuhi na jioni kama hakuna friji, na isipite siku ya pili. Siku moja yaliwe na posho, siku inayofuata yachanganywe na mahindi. Siku ya mukene (dagaa) iwe moja au mbili kwa wiki. Samaki hawa wadogo huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo humpa mtoto protini na chokaa ya mifupa kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Mboga za dodo (mchicha) na sukuma wiki hukua hata kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi, nyuma ya nyumba ya kupanga, na maji yaliyooshea mchele au mboga yanalitosha.

Nafaka ya akiba inunuliwe wakati wa mavuno. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Uganda ina misimu miwili ya mvua. Mahindi na maharagwe ya msimu wa kwanza hufika sokoni kuanzia Juni na Julai, na ya msimu wa pili kuanzia Desemba, na bei huwa juu katika miezi inayotangulia mavuno hayo. Lakini mahindi yasiyokauka vizuri ni hasara, kwa kuwa huota ukungu wenye sumu kuvu inayodhuru ini. Kabla ya kununua mengi, chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia chumvi kavu kidogo, ijaze mahindi hadi nusu, itikise kwa dakika kadhaa kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu mwingi na yanahitaji jua zaidi. Ikianguka chini bila kunata, yanaweza kuhifadhiwa. Mifuko maalumu ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa huwanyima dumuzi hewa hadi wafe, bila dawa yoyote, na mfuko mmoja hutumika zaidi ya msimu mmoja usipotobolewa.

Karo

Elimu ya msingi kwa wote ilianza Uganda mwaka 1997, na mpango wa sekondari ukafuata mwaka 2007, lakini kila mzazi anajua kwamba sare, chakula cha mchana, madaftari, rimu ya karatasi na mifagio havimo. Mwaka wa shule una mihula mitatu, kwa hiyo kati ya ada moja na nyingine kuna takriban wiki 17. Shilingi 10,000 za wiki mbaya zinafika 170,000 kwa muhula bila kuhesabu ziada ya wiki nzuri. Andikeni orodha yote ya mahitaji ya muhula, gawanyeni kwa 17, na mtajua mapema kama shule hiyo mnaiweza.

Kama hamuiwezi, nendeni kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujaanza, mkiwa na sehemu ya fedha mkononi na tarehe za kumalizia zilizoandikwa. Mzazi anayekuja mapema na 60,000 husikilizwa tofauti na anayekuja baada ya mtoto kufukuzwa. Shule nyingi siku hizi hupokea karo kwa simu kupitia namba ya mwanafunzi, na malipo ya awamu yanakubaliwa, ingawa kila awamu ina ada yake, kwa hiyo awamu tatu ni bora kuliko kumi. Kumhamishia mtoto shule ya karibu ya serikali ni uamuzi halali kabisa. Hauna aibu, na mara nyingi unamwokoa asipoteze muhula mzima akikaa nyumbani.

Ndugu, misiba na michango

Hakuna bajeti ya Mwafrika inayoweza kuuruka ukoo. Anayeandika kwamba hatatoa kitu kwa ndugu ameandika uongo, na siku simu ya msiba itakapolia atatoa fedha ya kodi. Wekeni fungu la ukoo, hata likiwa la shilingi 3,000 kwa wiki kutoka kwenye dharura, na kila ombi lijibiwe kutoka humo tu.

Jibu liwe la haraka, la upole, na lenye kiasi kinachojulikana. Mtu anaweza kuandika hivi: "Mjomba, salamu. Nimepata habari za matibabu ya shangazi na zimeniuma. Jumamosi nitatuma shilingi 20,000. Hizo ndizo nilizo nazo mwezi huu, naomba mnipokee nazo. Mwezi ujao nitapiga simu kujua anaendeleaje." Ujumbe huu hauombi radhi mara nne, hauahidi kisichokuwepo, na haumwachi mgonjwa peke yake. Ahadi isiyotimizwa huudhi ukoo kuliko kiasi kidogo kilichofika kwa wakati.

Mikutano ya harusi na shughuli za utambulisho ni jambo jingine. Msiba hauna hiari, sherehe ina hiari. Asiye na fedha anaweza kutoa kazi yake, yaani kupika, kubeba viti, kuchota maji au kusimamia magari, na aseme hivyo waziwazi kwenye mkutano wa kwanza kabla jina lake halijaandikiwa kiasi.

Ndugu wanaoishi nanyi kwa muda waingizwe kwenye mpango tangu wiki ya kwanza. Shemeji mwenye nguvu anaweza kuchukua kazi ya maji na kuni, au kulea watoto ili mama aende sokoni. Kinyongo katika nyumba iliyojaa hutokana zaidi na kutojua mgeni atakaa hadi lini na atafanya nini kuliko sahani ya ziada, kwa hiyo ulizeni mapema, kwa adabu, na mkubaliane tarehe ya kuangalia upya.

Deni na kikundi

Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza lazima lijulikane. Orodhesheni kila deni, pamoja na la duka la mtaani, na mbele ya kila moja muandike riba yake kwa mwezi. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi husikika ndogo. Kwa mkopo wa shilingi 200,000 ni 20,000 kila mwezi, na mtu anayelipa riba peke yake kwa miezi sita atakuwa ametoa 120,000 huku bado akidaiwa 200,000 zote. Deni lenye riba kubwa lilipwe kwanza. Deni la ndugu lisilo na riba lisisahaulike, bali apewe tarehe na kiasi kidogo cha kuonyesha nia.

Mkopeshaji binafsi nchini Uganda anapaswa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo chini ya sheria ya mwaka 2016. Sheria hiyo inamkataza kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti, kadi ya benki au namba zake za siri kama dhamana. Anayedai kushika kadi yako ya benki anavunja sheria, na ni bora kuondoka. Mkopo wa simu unaochukuliwa kwa ajili ya chakula, kisha mwingine kwa kulipa ule wa kwanza, ni dalili kwamba fungu la chakula lilipangwa chini ya hali halisi, na marekebisho yanatakiwa kufanyika huko.

Kikundi cha akiba cha kijiji au mtaa ndicho ninachokipendelea kwa familia yenye msukosuko. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na umeenea kila kona ya Uganda. Watu kati ya 15 na 30 hukutana, kila mmoja hununua hisa moja hadi tano kwa mkutano, fedha hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko wa takriban mwaka mmoja kila mtu hugawiwa akiba yake na faida. Fungu lake la thamani kubwa kwa mwenye shida ni mfuko wa jamii, mchango mdogo unaotolewa kila mkutano ili kumsaidia mwanachama aliyefiwa au kuuguliwa bila riba. Pangeni tarehe ya mgao ilingane na karo ya Februari. Wanaopata mkopo wa mpango wa maendeleo wa parokia, PDM, ambao ni shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, wauweke kwenye kuku, nguruwe, kahawa au biashara waliyoombea, kwa sababu ukiliwa kama chakula utarudi kama deni.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi hutozwa bei nafuu kwenye Yaka, kwa hiyo msirundike uniti za miezi miwili kwa mara moja, maana mtapoteza nafuu ya mwezi wa pili. Wapangaji wanaotumia mita moja wanagawana nafuu moja tu, na kuomba mita yenu wenyewe kunastahili kuzungumzwa na mwenye nyumba.

Pale ambapo hesabu si tatizo

Kuna nyumba ambazo daftari haliwezi kuzisaidia mpaka jambo lingine lishughulikiwe. Mtu asiyelala, asiyekula, anayelia au kukasirika bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, au anayesema ni afadhali asingekuwepo, anahitaji matibabu. Huduma katika vituo vya afya vya serikali ni bure tangu mwaka 2001, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika iliyoko Kampala ndiyo hospitali ya taifa ya huduma hiyo. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake wala asisubirishwe siku ya kikao. Apelekwe siku hiyohiyo, hata kwa kutumia fungu la dharura lote.

Ulevi na kamari navyo havitibiwi kwa kuficha fedha chini ya godoro. Mlevi akiwa hajalewa, tena asubuhi, mweleze kiasi kilichotoka kwenye daftari kwa mwezi, kisha mshirikishe mtu anayemheshimu, awe baba mkubwa, imamu au mchungaji. Wakati huohuo karo na kodi zilipwe moja kwa moja kwa shule na kwa mwenye nyumba, ili fedha hizo zisipite mikononi mwa mtu ambaye kwa sasa hawezi kuzihifadhi.

Kumnyang'anya mwenzi mapato yake, kumnyima fedha ya chakula ili kumtesa, au kuuza mali ya nyumba kwa nguvu ni ukatili wa kiuchumi, na sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu ukatili wa majumbani inautambua. Mwenye kufanyiwa hivyo aanzie kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au kitengo cha familia na watoto cha polisi, na FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake. Mtoto anapodhuriwa, namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Aliye hatarini atenge nauli, kitambulisho na vyeti vya watoto kwa jirani anayemwamini, na hilo lisiandikwe kwenye daftari la nyumba.

Katika wiki ambazo mambo haya yanashughulikiwa, bajeti ipunguzwe hadi mistari mitatu, yaani chakula, dawa na kodi. Mwenye duka, mwalimu mkuu na katibu wa kikundi waarifiwe kwamba mtachelewa na wapewe tarehe, na mafungu mengine yote yafungwe hadi kikao kinachofuata.